Madam wa Vitabu vya Nishani

Alisoma akiwa amesimama. Sikuwahi kumwona akitusomea riwaya ameketi, hata siku zile miguu ilipokuwa imemvimba akalazimika kulegeza kamba za viatu vyake vyeusi, viatu vya kiume ambavyo hakuna aliyethubutu kumuuliza alivipata wapi. Kitabu alikishika kwa mkono wa kushoto, juu, karibu na uso. Mkono wa kulia ulikuwa wa kazi: ulikuwa upanga, ulikuwa mvua, ulikuwa mama anayemwita mtoto. Macho yake yalisoma Kiingereza na mdomo wake ukatoa Kiswahili, papo hapo, bila kusitasita. Akikosa neno, alitugeukia darasa zima na kupiga kelele, "Nipeni! Nipeni neno!" Nasi tulimrushia maneno ya kila namna, ya Kiborana, ya Kisomali, ya Kimeru, ya Kiturkana, akaliokota lile lililomfurahisha na kusonga mbele nalo.

Tulimwita Madam, kama walimu wote wa kike walivyoitwa. Lakini katika Isiolo ya miaka ile ya sabini, ukisema "Madam" bila kuongeza kitu, mwenye duka, muuza miraa na askari wa kizuizi cha barabarani walijua ni nani. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili. Mama yangu, aliyeuza maziwa ya ngamia sokoni, alisema akikaa vizuri aliweza kumsikia Madam kutoka kwenye vibuyu vyake. Sidhani ilikuwa kweli. Lakini mama hakuwa mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo sijui.

Vitabu vyenyewe vilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya meza yake. Alikuwa ameachiwa na mwalimu mmoja wa kujitolea aliyerudi kwao ng'ambo. Vilikuwa riwaya za vijana, na nyingi kati yake zilikuwa na duara la rangi ya dhahabu au fedha kwenye jalada. Nishani. Siku ya kwanza alipotuonyesha duara lile, alipitisha kitabu kutoka dawati hadi dawati ili kila mmoja wetu aliguse, na kabla ya kuligusa ulipaswa kunawa mikono kwenye karai lililowekwa mlangoni.

"Kitabu hiki kilishinda," alisema. "Wazee fulani huko walikaa kwenye meza yao, wakanywa chai yao, wakasema hiki ndicho kitabu bora cha watoto mwaka huu. Vizuri sana. Nawapongeza. Lakini kuna kitu walisahau." Akatutazama mmoja mmoja. "Nani anajua walisahau nini?"

Akatunyooshea kidole.

"Hawakuwauliza nyinyi!"

Hapo ndipo ilipozaliwa Tuzo ya Isiolo. Kila riwaya iliyokuwa na nishani ya ng'ambo ilikuja kushindana upya mbele ya darasa la saba. Madam alituambia tuisikilize hadi ukurasa wa mwisho, tubishane, halafu tupige kura kwa miguu. Aliyeona kitabu kinastahili alisimama upande wa madirisha. Aliyeona hakistahili alisimama upande wa mlango. Kikishinda, tulichukua kizibo cha soda, tukakiponda kwa jiwe hadi kikawa bapa, tukakibandika kwenye jalada kwa utomvu, kando ya ile nishani ya dhahabu. Kikishindwa, kilirudi sandukuni na dhahabu yake peke yake.

Siwezi kueleza jinsi jambo hilo lilivyotuwasha. Tulikuwa watoto wa mji wa mwisho wa lami. Baada ya kizuizi cha polisi barabara iligeuka vumbi, malori yakangojana yaende kwa msafara, na kila mtu aliyetoka chini, kusini mwa nchi, alituambia kwamba huku kwetu hakuna kitu. Sasa hapa palikuwa na mwanamke mwenye viatu vya kiume anayesema kwamba kitabu kilichosifiwa dunia nzima hakijamaliza kazi yake mpaka Isiolo iseme. Tuliamini. Tulikuwa tukifika Jumamosi asubuhi, siku isiyo ya shule, kabla ya yeye mwenyewe kufika.

Nakumbuka riwaya ya msichana aliyemvusha farasi kipofu juu ya mlima wa theluji. Theluji ilitushinda. Madam alijaribu kusema ni kama unga, akajaribu kusema ni kama barafu ya kwenye friji ya hoteli, tukawa tunatikisa vichwa. Kesho yake alitupanga mstari nyuma ya vyoo vya shule, mahali pekee ambapo majengo hayakuziba upande wa kusini. Mawingu yalikuwa hayajapanda. Mlima Kenya ulikuwa wazi, na juu kabisa palikuwa peupe.

"Ile pale," alisema.

Tulikuwa tumeuona mlima ule tangu tuzaliwe, lakini mimi siku hiyo niliuona kwa mara ya kwanza. Mtoto mmoja wa Kiturkana aliuliza, "Na farasi alipita *huko*?" Madam akajibu kwamba alipita mahali pabaya kuliko huko. Tukakimbia kurudi darasani bila kuambiwa. Kitabu hicho kilishinda. Karibu darasa zima lilibanana upande wa madirisha.

Hakuwa mtu wa kueleweka kirahisi. Alikuwa Mkristo wa kanisani kila Jumapili, lakini alitoa salamu ya salaam aleikum kwa namna iliyowafanya wazee wa msikitini wamtazame mara mbili. Alituchapa kiganja kwa rula tukikosea ngeli kwenye insha, kisha yeye mwenyewe, hadithi ikipamba moto, alizitupa ngeli zote nje ya dirisha. Alitukataza kulia. "Anayelia haoni ukurasa," alisema, na alisema hivyo huku machozi yakimtiririka hadi kidevuni. Aliwaogopa ngamia. Akikutana nao barabarani aliingia duka lolote lililokuwa karibu na kujifanya anauliza bei ya sukari. Lakini siku mbwa mwenye kichaa alipoingia uwanjani wakati wa mapumziko na walimu wa kiume wakapanda juu ya madawati, ni yeye aliyetoka na kiti na kumzuia mbwa yule kwenye kona hadi askari walipofika. Akarudi darasani, akauliza, "Tulifika wapi?"

Jambo jingine: hakusoma mwisho kabla yetu. Walimu wengine walidhani alitudanganya, kwamba mtu mzima hawezi kushika kitabu nyumbani wiki nzima bila kuchungulia. Mimi naamini alisema kweli, kwa sababu nilimwona. Kwenye kurasa za mwisho mkono wake wa kulia uliacha kazi. Uliushika ukingo wa meza, na sauti ile kubwa ikawa ndogo kama ya mtu anayepita kwenye nyumba ya mgonjwa.

Adui yake wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu mzito, mwenye ndevu zilizotiwa hina, na alipotembea sokoni wauza mbuzi walimpisha. Binti yake alikuwa darasani kwetu. Siku moja alitumwa kulisha mbuzi wa nyumbani. Akaenda na riwaya, akazama humo, na mbuzi wakaenda zao hadi kwenye kibanda cha muuza miraa. Walikula mzigo wa asubuhi nzima. Watu walisema mbuzi wale hawakulala siku mbili.

Mzee Mwenyekiti aliingia darasani bila kubisha, fimbo mkononi.

"Wewe Madam!"

"Salaam aleikum, Mzee."

Ilimbidi aitikie. Aliitikia kwa hasira, kisha akaendelea. "Mimi nilileta mtoto hapa asome hesabu. Asome dini. Asome kitu ya maana. Sasa wewe unampa uongo! Watu hawakuzaliwa, hawakufa, hawako! Mbuzi yangu imekula miraa ya mtu kwa sababu ya watu hawako!"

Binti yake alikuwa ameficha uso kwenye dawati. Madam alimvutia Mzee kiti, kile kiti chake mwenyewe ambacho hakukikalia wakati wa kusoma.

"Mzee, una haki ya kukasirika. Lakini huwezi kufukuza kitu ambacho hujakiona. Keti, nikusomee huo uongo. Kidogo tu. Ukiwa mbaya, mimi mwenyewe nitabeba sanduku hadi nyumbani kwako ukalichome."

Mzee aliketi, labda kwa sababu ya neno kuchoma. Madam akaanza pale tulipokuwa tumeishia: baba mmoja amemwacha mwanawe ndani ya kibanda porini, akamwambia atarudi kabla ya giza, na giza limeingia. Mkono wa kulia ukawa upepo, ukawa mlango unaogongwa. Nilimwangalia Mzee. Fimbo ilikuwa wima kati ya magoti yake, kisha ikalala mapajani, kisha ikaanguka sakafuni na hakuiokota.

Kengele ililia. Madam akafunga kitabu.

"Halafu?" Mzee aliuliza.

"Kengele imelia, Mzee."

"Nasikia kengele, mimi si kiziwi. Nauliza halafu? Huyo baba ameenda wapi? Mtu gani anaacha mtoto kwa pori bila moto?"

"Tunaendelea Jumamosi asubuhi."

Mzee alisimama, akaokota fimbo, akatutazama sote kana kwamba sisi ndio tuliomwacha mtoto yule. Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika. Alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani, na kuanzia siku hiyo hakukosa. Akawa mwamuzi mkali kuliko wote. Hakujua kusoma Kiingereza, hata Kiswahili alikisoma kwa taabu, lakini alibishana na watu wa vitabuni kama anavyobishana na mnunuzi wa ng'ombe. "Mimi nakataa!" alikuwa akisema, akiinuka. "Huyu bibi anajua siri na ananyamaza kwa nini? Angesema mwanzo, hii shida yote ingekuwa haiko!" Madam alimjibu kwamba angesema mwanzo, kitabu pia kingekuwa hakiko. Mzee alifikiria hilo hadi Jumamosi iliyofuata, kisha akaja na jibu.

Lakini kisa ninachotaka kukisimulia zaidi ni cha kaka yangu Halkano.

Halkano alikuwa ametolewa shule darasa la nne ili achunge ng'ombe wetu fora, yaani kambi za mbali za mifugo, upande wa Merti kando ya Ewaso Nyiro. Alikuwa na umri wa kama miaka kumi na sita wakati huo. Alikuja mjini na baba kuuza ng'ombe wachache, na Jumamosi ile mama alimtuma aniletee ujumbe shuleni. Alifika dirishani Madam akiwa katikati ya riwaya iliyotushika kuliko zote mwaka ule.

Ilihusu msichana ambaye familia yake ilikuwa na kivuko kwenye mto mpana. Vita vilikuja, watu wa familia wakatawanyika, naye akabaki peke yake na kivuko na mtoto mchanga wa upande wa adui, aliyeachwa ukingoni. Upande mmoja wa mto walikuwa watu wake; upande wa pili walikuwa watu wa mtoto. Halkano alisimama nje na viwiko vyake dirishani kwa saa nzima. Ujumbe wa mama hakunipa. Alikuwa ameusahau.

Tulipotoka, hakunifuata. Aliingia darasani, kijana mrefu mwenye shuka begani, akasimama mbele ya Madam.

"Madam, naomba kitabu."

"Unajua kusoma?"

"Nilijua. Sijui kama bado."

Alimpa ukurasa wa kwanza. Halkano alisoma polepole, akifuata mistari kwa kidole, akikwama, akirudi nyuma, jasho likimtoka. Nilitaka ardhi inimeze kwa ajili yake. Lakini alifika mwisho wa aya, akainua uso, na nikaona meno yake yote.

"Lini unarudi fora?" Madam akauliza.

"Kesho, na lori ya sukari."

Kitabu kilikuwa kimoja tu. Darasa zima lilikuwa katikati yake. Sisi tuliokuwa bado mlangoni tulianza kunung'unika kwamba haiwezekani, kwamba tumefika mahali pazuri, kwamba kitabu kikienda Merti hakitarudi. Madam alifungua droo, akatoa kisu cha kumenyea maembe. Akakilaza kitabu mezani, akakifungua pale tulipoishia, akapitisha kisu kwenye mgongo wake, kutoka juu hadi chini.

Kuna mtu alipiga ukemi. Nadhani ni mimi. Huyu ndiye mwanamke aliyetunawisha mikono! Ndiye aliyemfukuza mtoto darasani kwa kukunja pembe ya ukurasa!

"Mnalia nini?" alisema. "Mmeona damu?"

Nusu ya kwanza aliifunga kwa kitambaa cha gunia la unga kilichofuliwa, akampa Halkano kwa mikono miwili. "Hii umeisikia mwisho wake tu. Isome yote. Sisi tukimaliza nusu ya pili, tutakutumia kwa lori. Na kura haitapigwa mpaka umalize. Kuanzia leo wewe ni mwamuzi kama hawa."

Halkano aliondoka. Sisi tukamaliza nusu yetu katika Jumamosi zilizofuata, na mwisho wake ulitugawanya kuliko kitabu chochote. Marafiki walinuniana. Mzee Mwenyekiti na binti yake walikuja kwa njia tofauti. Tulitaka kupiga kura, tulikuwa tunachemka kama sufuria iliyofunikwa, na Madam akakataa.

"Mwamuzi mmoja hajasoma."

Alikuwa tayari kutuma nusu ya pili na lori, kisha mvua ikaja. Ilikuja yote mara moja. Malaga, mito ile ya mchanga mtupu, yalijaa hadi juu, na malori ya Merti yakalala Isiolo, madereva wakicheza karata vibarazani. Wiki moja ikapita, ikaja nyingine. Mzee alisimama darasani akasema kwamba yeye anamheshimu kijana wa Merti, lakini hata mahakama ya serikali haingoji namna hii.

"Mzee," Madam alisema, "wewe tulikungojea miaka hamsini uje shule. Huyu tutamngoja mvua moja."

Mzee alicheka hadi akakohoa, na tukangoja.

Jumamosi moja, tukiwa tumeanza kitabu kingine bila moyo, mlango ulifunguliwa. Halkano alikuwa na tope hadi mapajani. Shuka lilikuwa limeganda mwilini. Baadaye alitueleza alivyotembea siku kadhaa kando ya maji hadi akapata mahali pa kuvuka, na alivyodandia lori la wanajeshi kwa kipande cha mwisho cha safari. Mifugo alikuwa amemwachia binamu yetu. Lakini wakati ule hakutueleza chochote. Hata salamu hakutoa, kijana aliyelelewa asalimie hata mtoto. Aliingiza mkono chini ya shati, akatoa kile kitambaa cha gunia kilichofungwa ndani ya nailoni, kikavu kabisa, na akasema:

"Alivuka?"

Darasa lililipuka. Kila mtu alifungua mdomo kumjibu.

"Midomo!" Madam alipiga kelele iliyotikisa madirisha. "Atakayesema neno moja, nitamtoa kwenye baraza hili maisha yake yote! Mpisheni. Talaso, mletee kaka yako maji. Wewe, keti hapa mbele."

Akachukua nusu ya pili, akalegeza kamba za viatu, akasimama, akaanza kumsomea. Nusu nzima. Sisi tulijua kila kitu kilichokuwa kinakuja, lakini hakuna aliyekwenda zake. Tulimwangalia Halkano badala ya kumwangalia Madam, tukaiona hadithi ikipita kwenye uso wake, pale tuliposhtuka akishtuka, pale tulipocheka akicheka. Adhuhuri Mzee alitoka kuswali na wavulana Waislamu, wakarudi mbio, Madam akiwa amesimamisha usomaji wawangoje. Sauti yake ilikuwa inakwisha. Alifika ukurasa ambapo msichana anakata kamba ya kivuko, mtoto mgongoni, na kuuacha mto umchukue chini, upande wowote, mbali na watu wake na watu wa mtoto. Hapo kitabu kinakoma.

Halkano akageuka kututazama, uso umejaa hasira na furaha kwa pamoja.

"Haya, kura!" Madam alisema kwa sauti iliyokwaruza.

Tukagawanyika. Madirishani na mlangoni, tulikuwa sawasawa. Tulihesabu, tukahesabu tena, ilikuwa sare. Mzee alikuwa madirishani, binti yake mlangoni. Halkano peke yake alikuwa katikati ya darasa, matope yamekauka miguuni, na watu wa pande zote mbili wakimwita kwa makelele. Alikuwa ametembea kwa ajili ya kitabu hiki. Hakuna aliyekuwa na shaka angekwenda wapi.

Alikwenda mlangoni.

Makelele yaliyotokea hapo sijawahi kuyasikia tena. Mzee aliinua fimbo. "Kijana! Umekuja kutoka Merti kwa mguu kuja kunyima kitabu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu kimeisha!" Halkano alisema. "Mimi nilikuwa natembea, nikajiambia, ukifika, ukisikia mwisho, roho itatulia, utarudi kwa ng'ombe. Sasa nimesikia, na haijatulia. Huyo msichana ameenda wapi? Mimi nitarudi fora namna gani? Nataka ingine. Nataka yote kwa hiyo sanduku."

Madam alianza kucheka. Alicheka hadi kitambaa cha kichwa kikaanguka, na tukaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zilikuwa za mvi. Alijifuta macho. Kisha akamtazama Mzee Mwenyekiti.

Mzee alielewa. Alikohoa, akapapasa ndevu zake. "Baba yako namjua," alimwambia Halkano. "Ni mgumu. Lakini mimi nimenunua ng'ombe kwa watu wagumu kuliko yeye."

Alikwenda kwa baba yangu wiki ile ile, na mazungumzo yao yalichukua siku mbili. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ng'ombe na mtoto mmoja tu wa kiume wa kuwachunga. Mzee hakumhubiria habari za elimu. Alimwambia kwamba ana mchungaji wake hodari asiye na kazi ya kutosha, na kwamba mtu huyo atakwenda fora badala ya Halkano mpaka kijana amalize shule. Mama aliniambia kwamba baba aliuliza, "Wewe Mzee, mtoto wangu amekupa nini?" na Mzee akajibu, "Amenipinga kwa kura."

Halkano aliingia darasa la tano akiwa na ndevu changa, magoti yake hayaingii chini ya dawati. Watoto walimcheka kwa muhula mmoja. Leo hii tunapoandikiana, bado ananiuliza kuhusu msichana wa kivuko, naye ni daktari msaidizi huko Merti, ana watoto wake.

Mara ya mwisho nilipokuwa na Madam ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu Sericho, nimekuja Isiolo kwa likizo, mwili bado unauma kwa safari ya lori. Niliambiwa amestaafu na yuko uwanja wa ndege. Nilidhani anasafiri, nikashangaa, kwa sababu ndege zilizotua pale zilikuwa chache mno.

Nilimkuta katikati ya kiwanja, amevaa suruali ndefu chini ya gauni, ameshika baiskeli kubwa nyeusi ya kiume. Goti moja lilikuwa na kidonda kibichi. Vijana waliochunga mbuzi kando ya uwanja walikuwa wameanguka chini kwa kicheko.

"Talaso!" alipaza sauti kabla sijamkaribia. "Njoo ushike hapa nyuma. Hawa wanacheka tu, hawana faida."

"Madam, unafanya nini?"

"Huoni? Kule Kambi Garba kuna akina mama wanataka kujua kusoma. Wamenialika. Nikingoja mtu wa kunibeba nitazeeka."

"Madam, samahani, lakini umeshazeeka."

"Basi ndiyo maana sina wakati wa kungoja. Shika!"

Nikashika chini ya kiti. Alipanda kwa tabu, akipumua kwa nguvu, na nikahisi uzito wake wote ukiyumba mikononi mwangu. Nilianza kusukuma. Nilisukuma nikitembea, kisha nikikimbia, viatu vyangu vya ualimu vikijaa changarawe, buibui likinipiga miguuni. "Tazama mbele!" nilimwambia. "Usitazame gurudumu! Kanyaga, Madam, kanyaga!" Nilisikia sauti yangu mwenyewe, kubwa, ya amri, na vijana wale wakaacha kucheka, wakaanza kukimbia kando yetu wakipiga makofi. Baiskeli iliyumba kushoto, ikayumba kulia, kisha ikanyooka.

Nikaachilia.

Alikwenda. Gauni lilijaa upepo. Mbuzi waligawanyika mbele yake. Nilisimama mikono ikining'inia, sipati pumzi, na nilikuwa nalia na kucheka wakati mmoja.

"Talaso!" aliita bila kugeuka. "Bado umenishika?"

"Hapana, Madam! Zamani!"

Nilisikia tu kengele ya baiskeli ikilia, ikilia, na mbele yake uwanja wote ulikuwa mtupu, hakuna hata mtu mmoja wa kumpisha.